Uso wa Wifi Uliokaa Kituoni

Mwenye chungu jikoni akakiepue kabisa, maana nikianza kusimulia habari za mdogo wangu sijui kupunguza, na sitaki lawama za vyakula vilivyoungua.

Mtaa mzima unamwita Kidevu, na si kwamba kidevu chake kina sifa yoyote. Ni neno lake la kazi. Wapiga picha wengine humwambia mtu acheke. Yeye husema, "Kidevu." Ukikiinua, "Kidevu." Ukikishusha, "Kidevu." Mwisho unaganda katikati, hujui kama unakwenda au unarudi, na hapo ndipo anapobonyeza. Amewasumbua watu kwa neno hilo mpaka watoto wa barabarani wakimwona anapita wananyoosha shingo kama bata aliyesikia mvua.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango mmoja wa barabarani, mwingine wa kuingilia ndani kwa mkewe. Kulikuwa na benchi, kioo, na kichana kilichofungwa kamba kama mbuzi ili kisitoroke. Kulikuwa na koti moja la bluu la kuazima. Koti hilo limevaliwa na wanaume wote mnaowajua. Ukizipanga picha za vitambulisho za miaka ile utadhani hapa tulikuwa na mwanamume mmoja tu, anabadilisha vichwa. Na ukutani pazia lililochorwa ndege ya abiria ikipita juu ya maporomoko ya maji, na maua makubwa kama sinia. Nimepigwa picha mbele ya ndege hiyo tangu nina kiuno. Nimesafiri sana, sema sijawahi kufika.

Raha ya mahali pale ilikuwa kungoja. Watu walijazana kwenye benchi wakipakana mafuta na kuazimana viatu. Mama mmoja alimnyonyesha mtoto wa mwenzake ili asilie kwenye picha, na wale wawili wakakua kama ndugu kwa sababu ya Kidevu kukawia na kamera. Mchumba alikuja kupiga picha ya kumpelekea msichana wa mbali, akatoka ameshapata wa karibu. Siku hizi mtu anajipiga mwenyewe akiwa amelala, nywele zimesimama, na anaiona papo hapo. Zamani uliisubiri picha yako wiki nzima, na katika wiki hiyo ulikuwa mzuri kuliko utakavyopata kuwa tena.

Sasa mke wa Kidevu, wifi yangu, ndiye aliyekuwa mwanga wa studio ile, na sisemi kwa kumsifu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kidevu hakuiamini taa. "Taa inampiga mtu kofi," alikuwa akisema. "Shuka linampapasa." Kwa hiyo wifi alisimama kando ya dirisha ameshika shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu ya mbao, analigeuzageuza mpaka jua limerudi kwenye uso wa mteja. Kwenye harusi na mahafali alilibeba hivyohivyo. Alikuwa mfupi wifi yangu, ananifika begani, kwa hiyo ukiwa mbali uliona shuka linatembea lenyewe. Kuna mlevi aliyeacha pombe kwa sababu hiyo, na mkewe alimletea wifi kitambaa cha gauni kwa shukrani.

Na Kidevu alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Kabla ya kumpiga mteja yeyote, lazima ampige wifi kwanza, aone mwanga umekaaje. Picha ya kwanza ya kila shughuli ni wifi. Harusi ya nani, wifi kwanza. Mtoto wa nani kazaliwa, wifi kwanza, na shuka lake, amekunja uso.

"Haya maliza," atasema wifi. "Watu wanangoja."

"Kidevu."

"Kidevu changu kiko palepale ulipokiacha jana. Bonyeza."

Halafu picha zikienda kwa wenyewe, ile ya kwanza inaondolewa, inabaki kwa Kidevu. Mimi nilikuwa namchokoza, maana wifi asipochokozwa anaumwa. Nikimwambia, "Wifi, wewe ndiye mwanamke aliyepigwa picha nyingi kuliko malkia, na hakuna aliyekuona." Naye ananijibu, "Afadhali mimi sijaonekana, wewe umeonekana na haikusaidia." Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo mtamu.

Zikaja kamera za kisasa na kompyuta. Kidevu akanunua mashine, akakaa miezi mingi akizihamishia humo picha zote za zamani, moja moja, kama mtu anayehamisha sisimizi. Alipomaliza alikuta mchwa wameshaanza kula makaratasi kwenye maboksi. Akayatoa uani, karatasi na mikanda ya filamu, akayachoma. Moshi ule ulikuwa mweusi na una harufu ya harusi za watu. Akajipiga kifua: "Dada, mtaa mzima sasa unakaa kwenye kisanduku hiki."

Wifi akauliza, "Na mimi nimo?"

"Wewe ndiye wa kwanza kila mahali."

"Basi nichapie moja tuweke ukutani. Nyumba ya mpiga picha, ukuta mtupu kama wa mahabusu."

"Nitachapa."

Mfinyanzi hulia gaeni. Kila wino ulipopatikana, kulikuwa na mteja mlangoni anayedai zake. Ya wifi ikangoja, na wifi mwenyewe hakusisitiza, kwa sababu unamsisitizia vipi mtu akupe kitu unachojua kipo ndani?

Akatokea kijana mmoja mwenye tai. Mtu wa adabu sana, anaamkia mpaka kiti. Alikuja kupiga picha za vitambulisho, akarudi na wenzake, akarudi tena kuomba Kidevu amtumie zile picha kwa kompyuta. Kidevu akatuma. Kumbe kijana alikuwa anatengeneza vyeti vya shule kwa watu wasiosoma, na nyuso za vyeti hivyo zimetoka kwa Kidevu. Polisi walipomkamata waliufuata mkia wake mpaka mlangoni kwetu.

Walikuja wanne, asubuhi, wifi anafagia. Sitawasingizia, walikuja kwa heshima. Lakini mikono yao ilipenda waya. Chochote chenye waya kilipanda gari: kompyuta, diski yake ya pembeni, kamera, simu ya Kidevu, simu ya wifi. Mmoja alishika pasi, akaigeuza, akaitazama tumboni, mwenzake akamwambia aiache. Paka alijificha mapema. Angekuwa na waya, angekwenda naye.

"Mnarudisha lini?" wifi akauliza.

"Tukimaliza uchunguzi, mama. Siku chache."

Siku chache. Neno hilo polisi wamelitia mpira ndani, linavutika mpaka unapochoka kulitazama.

Kidevu hawakumfunga, walimhoji wakamwachia. Ni shahidi tu, walisema, na vifaa vyake ni vielelezo, yaani vitu vya kuonyeshwa mahakamani. Akakaa benchini mwake akingoja vielelezo virudi. Wateja wakaja, wakakuta hana kamera, wakaenda. Wengine walikuja kwa hasira: harusi yetu iko wapi, mtoto wetu wa kwanza yuko wapi? Utadhani kazila. Mwisho akaenda kuomba kibarua kwenye ghala la sabuni, kupanga maboksi. Akawa anarudi jioni ananukia kuliko bibi harusi, na uso umemshuka.

Wakati huo wana mabinti wawili. Mkubwa ni nesi, na sisi wote tunamwita Nesi, hata mama yake alimwita hivyo. Mdogo alizaliwa wakati wifi ameshagawa nguo za kitoto kwa majirani, akatuchekesha wote, tukamwita Kitinda. Siku polisi walipokuja, Kitinda alikuwa bado wa kushika gauni la mama yake na kuburutwa nalo.

Haukupita mwaka, wifi akaumwa. Homa iliyoanza kama mzaha. Nesi alimpeleka hospitali akiwa anatembea, akatutania mlangoni, akaniambia nimwangalizie mumewe asile sabuni. Hakurudi.

Siku ya maziko watu wanauliza picha ya marehemu iko wapi, iwekwe pale mbele. Kidevu akasimama sebuleni, mtu aliyempiga kila kiumbe mpaka kuku wa jirani, hana picha ya mkewe. Tukauliza kwenye simu za watu. Hakuna. Wifi alikuwa amezoea kukaa upande wa pili wa picha. Simu ikiinuliwa yeye ananyanyua sinia, au mtoto wa mtu, anajifunika. Tukapata kitambulisho chake tu, kilichopigwa ofisini na mtu asiyejua kidevu ni nini. Wakaikuza ile picha. Loo. Alitoka kama mzee fulani anayetafutwa kwa kosa la ng'ombe. Kidevu akaitazama, akaigeuza kifudifudi. "Huyu simjui," akasema.

Basi tukaanza safari za kituoni, mimi na yeye. Alinichukua mimi kwa sababu nina domo, yeye akifika mbele ya sare anakuwa bubu. Pale kaunta kulikuwa na afande mmoja, mtu mpole. Tulimkuta na nywele, na nitawaambia mapema kwamba tulimwacha na upara.

"Jalada liko kwa mpelelezi," akatuambia.

"Na mpelelezi yuko wapi?"

"Amehamishwa, mama."

"Na jalada nalo?"

"Jalada halijahamishwa. Lipo."

"Basi tuoneshe."

"Si nimekwambia, mama, liko kwa mpelelezi."

Nikamtazama Kidevu, Kidevu akatazama dari. Tukarudi mwezi mwingine, na mwingine. Nilijaribu kila mlango. Siku moja nilijifanya kiziwi. Siku nyingine nilimwambia afande kwamba mashine ile ina mzimu wa babu yetu na stoo yao itaanza kukohoa. Akaniuliza kama mzimu huo una risiti. Tukazoeana. Tukifika ananivutia kiti, ananiuliza habari za goti, namuuliza habari za mkewe, ndipo tunaambiwa hapana.

Siku moja Kidevu alipata sauti. "Afande, sitaki mashine. Iwasheni nyinyi wenyewe, hapahapa. Mnichapie picha moja ya mke wangu, mzime. Nina mtoto mdogo nyumbani, anamsahau mama yake."

Afande akaweka kalamu chini. "Kielelezo hakiwashwi, mzee wangu. Kikiwashwa, wakili wa yule kijana atasema tumekichezea." Kisha akatazama nyuma, akashusha sauti. "Hata harusi yangu imo humo. Ulinipiga wewe, hukumbuki? Albamu iliungua na nyumba. Mke wangu ananiuliza kila siku, wewe polisi gani unashindwa kuipata? Nangoja kama nyinyi."

Nikacheka mpaka nikashika kaunta. Kidevu hakucheka. Njiani akaniambia, "Kama mwenye ufunguo naye anangoja, basi tuna safari."

Na kweli tulikuwa nayo. Kituo kilipakwa rangi, ikachujuka, kikapakwa nyingine. Kitinda akavaa sare ya shule, ikamfika mapajani, akashonewa nyingine. Nesi akachukua zamu za ziada kulisha nyumba, na mchumba wake, mtu mzuri tu, akachoka kungoja, akaoa kwingine. Hakuna aliyempiga mtu katika nyumba ile wala kumtukana mtu. Kila mmoja alikuwa anangoja tu, na kungoja kuna njia yake ya kula watu.

Muuza vitambaa wa mtaa wa pili ndiye aliyetuletea faraja ya kwanza. Alikuja na albamu yake ya harusi, picha alizowahi kuchapiwa zamani, akaweka kidole pembeni. "Shemeji, mkono huu si wa mkeo?"

Kidevu akainama. Pembeni ya bibi harusi, vidole vinne vimeshika mbao ya shuka. Ni wake. Kile cha shahada kilikuwa na kovu la kisu. Mdogo wangu akakishika kile kidole cha karatasi, akakaa nacho.

Kuanzia hapo tukaingia nyumba hadi nyumba, Jumapili kwa Jumapili, tukiomba albamu. Watu walitupokea kama wapelelezi halisi, maana sisi tulikuwa tunarudi na majibu. Hapa tukapata kiwiko. Pale kivuli chake ardhini, kifupi, na shuka limesimama juu yake kama bawa. Kwenye miwani ya jua ya bwana harusi mmoja tukapata wifi wawili, wadogo kama punje, mmoja kila kioo. Kwenye birika la mahafali, mgongo. Mguu wake wa kushoto, na ndala niliyomwazima mimi na hakunirudishia. Watu walituazima picha zao, Kidevu akaziweka kwenye bahasha, akaapa kuzirudisha.

Siku moja naingia chumbani kwa Kitinda namkuta amepiga magoti sakafuni. Amezipanga. Mkono mahali pa mkono, kiwiko mahali pa kiwiko, mguu chini. Amemlaza mama yake kwa urefu wa mkeka, kila kipande mahali pake. Juu, mahali pa uso, hapakuwa na kitu. Saruji tupu.

"Shangazi," akaniuliza, "mama alikuwa na mwanya?"

Nikamwambia hakuwa nao, mwenye mwanya alikuwa dada yake wifi. Kidevu akajibu kutoka sebuleni kwamba alikuwa nao, mkubwa, juu. Nesi akatoka jikoni na mwiko, akasema jamani, mama hakuwa na mwanya, alikuwa na jino lililopanda jingine. Tukatazamana watu wazima watatu, kila mmoja ameishi naye, kila mmoja na mke wake, na mama yake, na wifi yake. Kitinda alitutazama sote, kisha akazikusanya picha zake.

Kidevu alitoka nje akakaa kibarazani. Nikamfuata. Akaniambia, "Dada, nimemtazama kwa jicho moja miaka yote ile. Na nilichokuwa natazama ni mwanga."

Nikamwachia kibaraza chake. Lakini mtoto hawezi kuachwa na saruji. Nikaanza kumjazia mimi. Nikamwambia mama yake alikuwa mrefu, mlango huu ulikatwa juu kwa ajili yake. Kwamba bibi harusi mmoja alichelewa, jua linazama, wifi akalielekezea shuka lake akalirudisha juu, harusi ikafungwa mchana mweupe na majogoo wakalala njaa kwa kuchanganyikiwa. Kwamba mvua ya mawe ilikuja uwanjani, akaikinga yote kwa shuka, akayamimina kwenye ndoo tukanywa maji baridi. Kitinda alikuwa anasikiliza mdomo wazi. "Endelea," anasema. Nami naendelea. Kumwongezea mtu urefu hakuna gharama.

Sasa Jumamosi moja tuko studio. Kidevu, siku za kutokwenda ghalani, alikuwa anafungua tu mlango kwa mazoea na kukodisha lile koti. Akaingia mwanamume wa makamo, shati safi, akaamkia. "Mzee, naomba picha ya kitambulisho."

"Sina kamera," Kidevu akamjibu bila kuinua kichwa. "Iko kituoni."

"Kituoni? Imefanya nini?"

Kidevu ndipo akainua uso. Majina ya watu humtoka, lakini kidevu alichowahi kukinyoosha hakimtoki. "Wewe," akasema. "Ulikuwa na tai."

Yule mtu akataka kugeuka, mlango nimeuziba mimi. Na mnanijua nilivyo, mlango nikiuziba umezibika.

"Umetoroka?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nilikiri, nikafungwa, nikamaliza. Nimetoka zamani. Nimeoa."

"Na kesi?"

"Kesi gani tena? Iliisha siku nilipofungwa."

Kidevu alikuwa ameshika kile kichana cha kamba, anaivuta kamba, anaiachia. Mwenye kosa amekwenda jela, amerudi, ameoa, anatafuta kitambulisho kipya aanze maisha. Mashine iliyomtumia picha bado imefungwa.

Nikamshika mkono yule bwana. "Twende."

"Wapi, mama?"

"Kituoni."

"Mama, mimi pale sipapendi."

"Hata sisi."

Akaja. Nadhani aliona uso wa mdogo wangu, maana angetaka kukimbia mimi goti hili lingemkimbizia wapi. Pale kaunta tukakuta afande wetu wa upara amehamishwa, kakaa binti, sare mpya, kola inamchoma. Akaanza wimbo uleule: kielelezo kinasubiri kesi, bibi.

"Kesi ndiyo hii," nikasema, nikamsukuma yule bwana mbele. "Imekwisha, imetoka, imeoa. Mashine nayo imeshtakiwa kwa nini?"

Yule binti akamtazama, akanitazama. Akamwuliza jina, mwaka, kosa; naye akajibu kwa adabu yake ileile. Binti akaenda nyuma. Akakawia mpaka nikaanza kupanga maneno makali zaidi. Akarudi hana kiburi hata kidogo.

"Ni kweli," akasema. "Ilikwisha, na hakimu aliagiza virudishwe kwa mwenyewe. Mlitakiwa kuambiwa."

"Na nani?"

"Na mpelelezi."

"Yule aliyehamishwa."

"Nisamehe, bibi," akasema, na hakuwa yeye wa kuomba msamaha.

Akatufungulia stoo Kidevu akatambue vyake. Nilidhani nitaona pango la hazina. Niliona rafu mpaka darini, simu zimepangwa kama matofali, kompyuta zimefunikwa vumbi, kila kimoja na kijikaratasi cha kamba. Simu moja ilikuwa na kibandiko cha ua, cha mtoto. Kidevu alitembea katikati polepole kama anayepita msibani. Alipoiona yake alisema tu, "Hii."

"Na waya wake?" nikauliza.

Wakatafuta. Waya haukuonekana. Nilimwambia binti asijali, labda wenyewe umeshafungwa kwa kesi nyingine. Mashine akaibeba yule bwana wa tai begani, kutoka kituoni mpaka mlangoni kwetu, na hakuna aliyemwambia abebe. Kamera na simu akabeba Kidevu. Mimi nilibeba maneno.

Mashine haikuwaka. Nesi alileta waya mwingine, ikavuma kidogo, ikakata roho. Kidevu akakaa chini. Nesi akachukua ile diski ya pembeni, akaichomeka kwenye laptopu yake ya kazini, tukangoja. Nilikuwa nimeshika mkono wa Kitinda, ila yeye sasa ndiye mwenye mkono mkubwa. Kisha kioo kikajaa visanduku vidogo, safu kwa safu. Na mwanzoni mwa kila safu, wifi.

Nesi alikaa akalia. Kidevu hakulia, aliinama mbele, anasoma. Wifi na gauni la maua. Wifi ana mimba ya Kitinda, shuka limekaa juu ya tumbo. Wifi anasema maliza, mdomo wazi, na mwanya upo. Uko chini. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema chini.

Kitinda alisimama nyuma ya baba yake. Hatimaye akanigeukia. "Shangazi, mbona mfupi?"

"Kapigwa kwa mbali."

"Mlango uko hapo ubavuni mwake, haukukatwa."

"Vitu vikikaa sana kituoni hunywea, mwanangu. Waulize wenyewe."

Akanitazama, akacheka kidogo kwa pua, na nikaona hana ugomvi na mimi. Akarudi kwenye kioo. Nilimwogopa kidogo, nawaambieni kweli. Alikuwa na mama mrefu niliyemjenga mimi, na mama wa vipande aliyempanga yeye sakafuni, na sasa huyu wa tatu, mwanamke mdogo amechoka, anataka kwenda kuepua chungu. Angeweza kusema simtaki huyu.

"Rudisha nyuma, baba," akasema. "Hapo."

Ilikuwa picha ambayo wifi amekasirika kabisa. Nyusi zimekutana, mdomo umekazwa, anamtazama mwenye kamera kama anayenunua ugomvi. Kitinda akasimama mbele ya kioo cha studio, akajitazama, akarudi.

"Amefanana na mimi nikikasirika."

"Wewe ndiye umefanana naye," Kidevu akamwambia. "Yeye ndiye aliyeanza."

Kitinda akavuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa mashine, akakunja uso vilevile, wakatazamana.